Maswali ya Wasomaji: Kuunda Rodsta ya Kale kwa Mbio za Kasi za Nchi Kavu

Safu ya toleo hili inajibu barua za wasomaji waliotaka kujua jinsi gari la wazi la miaka ya 1920 na 1930, aina ya rodsta, linavyoundwa ili likimbie peke yake katika mstari ulionyooka, likipimwa kwa saa, juu ya chumvi au udongo wa ziwa lililokauka. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi hatukuyachapisha.

SWALI: Tuanze na injini?

Mheshimiwa Mhariri, mimi na shemeji yangu tunaishi Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Mwezi wa Agosti tulikwenda kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, humu humu Utah, kutazama mashindano ya Speed Week, na kilichotuvutia zaidi ya magari yote marefu yenye umbo la kombora ni Ford za zamani zilizo wazi, ambazo zilionekana kama kitu ambacho hata sisi tungeweza kukitengeneza. Tuna karakana ndogo, mashine ya kuchomelea na akiba kidogo. Shemeji anataka tununue injini kubwa ya V8 kwanza, kisha tutafute gari la kuiweka. Je, ndivyo inavyopasa?

JIBU: Ndugu msomaji, msinunue injini. Nunueni kwanza kitabu cha kanuni cha SCTA, chama kilichoanzishwa mwaka 1937 kusini mwa California na ambacho kimekuwa kikiendesha Speed Week tangu mwaka 1949, mkakisome ninyi wawili kutoka jalada hadi jalada kabla ya kukata bomba hata moja. Sababu ni kwamba katika mchezo huu hakuna mshindi mmoja wa siku. Kila gari hushindana na rekodi ya daraja lake, na daraja hilo huamuliwa na mambo matatu yakiunganishwa pamoja, yaani aina ya bodi, aina na ukubwa wa injini, na mafuta yanayotumika. Gari linaloweza kukimbia kilomita 170 kwa saa linaweza kuwa tishio katika daraja moja na likawa halina maana yoyote katika jingine, ingawa ni gari lile lile na dereva ni yule yule.

Kanuni hizo zimezitengea injini za zamani mahali pake. Injini za silinda nne za enzi ya Model A zina madaraja yao, na injini za V8 za Ford na Mercury za kuanzia 1932 hadi 1953, ambazo valvu zake zimekaa ubavuni mwa silinda badala ya juu, nazo zina yao. Kwa hiyo mtu mwenye injini ndogo ya kale halazimiki kushindana na mwenye injini ya kisasa. Aidha, wanaochagua madaraja ya petroli ya kawaida hununua mafuta yanayouzwa uwanjani na tangi hufungwa kwa lakiri, ilhali pombe, nitromethani na michanganyiko mingine ina madaraja yake. Kwa gari la kwanza ninashauri petroli, bila kusita.

Ushauri wangu kwenu ni Ford Model A ya kati ya mwaka 1928 na 1931, pamoja na injini yake ya silinda nne. Gari hilo lilitengenezwa kwa karibu milioni 5, vipuri vyake havijaadimika, na bodi mpya za chuma zenye umbo lile lile zinatengenezwa hata leo, kwa hiyo hamna haja ya kuharibu gari zima la kihistoria ili mpate rodsta. Chasi yake ni mihimili miwili ya chuma yenye viungo vichache, na fundi anayejua kuchomelea anaweza kuielewa yote kwa kuitazama.

Naelewa kwa nini shemeji anapenda V8, lakini tazameni hesabu hii ya kukadiria. Rodsta ina umbo baya mbele ya hewa: uso wake umesimama wima, magurudumu yapo nje, na nafasi ya dereva ni shimo linalovuruga upepo. Tukichukua makadirio ya wastani ya umbo kama hilo na hewa nyepesi ya Bonneville, upinzani wa hewa peke yake unadai nguvu farasi kama 75 gari likiwa katika kilomita 160 kwa saa, nguvu farasi kama 145 katika kilomita 200, na karibu 250 katika kilomita 240. Mahitaji ya nguvu hupanda kwa mchemraba wa kasi, na ndiyo maana kila kilomita inayoongezwa juu ya mia mbili hugharimu fedha nyingi kuliko ile iliyoitangulia. Mwenye injini ndogo hupata kasi nyingi ya mwanzo kwa gharama ndogo, na akiba yake inabaki kwa ajili ya kizimba cha usalama (mabomba ya chuma yanayomkinga dereva), mikanda na matairi, ambavyo haviepukiki hata gari likiwa la polepole.

Mfuatano wa kazi uwe hivi: mchague daraja, mnyooshe na kuimarisha chasi, mtengeneze kiti kinacholingana na mwili wa dereva mwenyewe, mjenge kizimba kukizunguka kiti hicho, ndipo mje kwenye ekseli, usukani, na mwishoni injini. Magari mengi yanayofika uwanjani na kukataliwa na wakaguzi yaliundwa kwa kufuata mpango uliopinduliwa, ambapo kizimba kililazimika kubanwa katika nafasi iliyobaki baada ya kila kitu kingine kukaa.

SWALI: Injini ya nguvu farasi 40 inaweza kufikishwa wapi?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi magari hapa Arusha. Nimesoma kwamba injini ya Model A ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu farasi 40 tu kutoka lita 3.3. Kwa nini ilikuwa dhaifu hivyo, na mafundi huiongezea vipi nguvu bila kuivunja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ambalo lingeweza kujaza jarida zima. Udhaifu huo ulikusudiwa. Mgandamizo wa injini hiyo ulikuwa 4.22 kwa 1, kiwango kilichoiwezesha kuvumilia petroli duni ya wakati wake, na nguvu zake zote zilipatikana katika mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Ilibuniwa ivute gari kwenye matope ya shambani na itengenezwe na mwenye gari kwa spana chache.

Njia ya kwanza na rahisi ya kuongeza nguvu ni silinda hedi yenye mgandamizo wa kama 6 kwa 1, ambayo mafundi wa California walikuwa wakiifunga tangu siku za mwanzo za mbio za maziwa makavu. Ya pili ni kuiachia injini ivute pumzi: kabureta mbili badala ya moja, valvu kubwa zaidi, kamshafti inayozifungua kwa muda mrefu, na ekzosi yenye bomba la kila silinda. Kwa hatua hizo, kupata nguvu mara mbili ya zile za kiwandani ni lengo la haki.

Hata hivyo, ugumu wa injini hii uko chini, mahali ambapo macho hayafiki. Krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inashikwa na beringi kuu tatu tu na haina vizito vya kusawazisha, kwa hiyo katika mizunguko mingi hupinda katikati kila pistoni zinapopanda na kushuka. Beringi zenyewe ni madini laini yaliyomiminwa ndani ya bloku, na mikono ya pistoni hupata oili kwa kuichota kutoka kwenye sahani zilizo chini yake, bila shinikizo la pampu. Mpango huo unatosha barabarani. Katika mbio za chumvi injini hukanyagwa mpaka mwisho kwa dakika nzima au zaidi bila kuachiwa, na hapo oili ya kurushwarushwa haifiki inakotakiwa. Fundi makini huongeza vizito kwenye krenki, hupeleka krenki, flaiwili, klachi na pistoni kusawazishwa kwa pamoja, kisha hutoboa njia ili pampu isukume oili moja kwa moja hadi kwenye kila beringi. Kazi hii haiongezi hata nguvu farasi moja, nami naiona kuwa ya thamani kuliko kabureta yoyote, kwa sababu ndiyo inayoamua kama zile nguvu farasi 80 zitadumu hadi kwenye kipima saa.

Kuna mambo mawili ya Bonneville ambayo ningependa uyaandike daftarini. Uwanja upo mita zipatazo 1,280 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina uzito pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na joto la mchana wa Agosti huipunguza zaidi. Injini isiyo na chaja ya kuisukumia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, na kabureta iliyopangwa pwani itamwaga petroli nyingi kupita kiasi, hivyo hufungwa jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi. Upunguzaji huo ufanywe kwa tahadhari na kwa kutazama rangi ya plagi baada ya kila mbio, kwa sababu mchanganyiko wenye petroli pungufu ukikanyagwa kwa dakika nzima huyeyusha kichwa cha pistoni. Faraja ni kwamba hewa hiyo nyepesi inapunguza pia upinzani dhidi ya gari.

Jambo la pili ni maji. Magari mengi ya mbio hizi huondoa radieta kabisa na kubeba tangi la maji, kisha tundu la mbele hufunikwa ili hewa ipite nje ya gari badala ya kupigana ndani yake. Fanya hesabu mwenyewe: injini ya nguvu farasi 100 hutoa kilowati 75, na tukikadiria kwamba joto linaloingia kwenye maji yake linalingana na nguvu hiyo, basi kwa sekunde 60 tunapata megajuli 4.5, ambazo zitapandisha joto la lita 60 za maji kwa nyuzi 18 tu. Radieta inahitajika kwa gari linalotembea saa nzima. Kwa gari linalokimbia dakika moja na nusu kisha likavutwa kurudi kambini, tangi linatosha, na uzito wake, kama utakavyoona hapa chini, haupotei bure.

SWALI: Gia, matairi na uzito

Fundi, mimi nina gereji Mombasa na nimezoea kupunguza uzito wa kila gari la mashindano ninalolishika. Rafiki yangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba huko wanabeba vyuma na madini ya risasi kwa makusudi, ili kuongeza uzito. Je, ni kweli? Na gia za difu wanazichaguaje?

JIBU: Rafiki yako amekuambia kweli, ndugu fundi. Katika mbio za kona na milima, uzito ni adui kwa sababu gari huongeza na kupunguza kasi kila mara. Kwenye chumvi kuna kilomita kadhaa za kuongezea kasi, na kinachopungua ni mshiko wa matairi. Tuseme gari lina kilo 1,000, na kilo 550 ziko juu ya magurudumu ya nyuma, na mshiko wa chumvi kavu ni kama nusu ya uzito huo. Nguvu ya kusukuma inayoweza kufika ardhini itakuwa kama nyutoni 2,700. Kwa makadirio yale yale ya upinzani wa hewa niliyotumia juu, hicho ndicho kiasi kinachohitajika karibu na kilomita 240 kwa saa. Zaidi ya hapo magurudumu yatazunguka na gari halitasonga mbele, hata uweke injini ya ndege. Chumvi ikiwa na unyevu hali huwa mbaya zaidi.

Mahali pa kuweka uzito pana umuhimu kuliko kiasi chake. Gari linapaswa kuwa kama mshale, zito mbele na lenye kushikwa na upepo nyuma, ili upepo wa ubavuni ukilisukuma lijinyooshe lenyewe badala ya kugeuka. Basi vyuma viwekwe chini kabisa, vifungwe kwa bolti zinazopenya kwenye chasi, na visirundikwe vyote nyuma ya ekseli kwa tamaa ya mshiko. Tangi la maji lililowekwa mbele au sakafuni husaidia kazi hiyo. Kwa lengo hilo hilo la kunyoosha njia, ekseli ya mbele hulazwa ili kingpini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zielekee nyuma kwa digrii 10 au zaidi, ambapo Model A ilitoka kiwandani na takriban 5. Usukani unakuwa mzito, nao hurudi katikati wenyewe, na hicho ndicho dereva anachotaka.

Gia zinachaguliwa kwa hesabu, kisha zinasahihishwa na uwanja. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 71 lina mzingo wa mita 2.23. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika na difu ikiwa ya 3.78, ambayo ndiyo ya kawaida ya Model A, gari litafikia kilomita 142 kwa saa. Ukiweka difu ya 3.3 litafikia 162. Usishawishike kuchukua difu ndefu zaidi kwa sababu karatasi inaonyesha kasi kubwa zaidi, kwani injini isiyoweza kufika kwenye mizunguko yake ya nguvu itabaki imekwama chini na gari litakuwa la polepole kuliko lilivyokuwa. Kumbuka pia kwamba magurudumu huteleza kidogo muda wote juu ya chumvi, kwa hiyo mizunguko unayoisoma kwenye geji huwa mbele ya kasi halisi. Wenye uwezo hutumia difu ambayo gia zake za nyuma hubadilishwa kwa dakika chache bila kuishusha ekseli, nayo ni anasa inayojilipa.

Matairi yawe yaliyoidhinishwa kwa kasi unayoitarajia, membamba, mapya, na kila valvu ya upepo iwe na kifuniko cha chuma. Katika kasi kubwa mzunguko wa gurudumu unaweza kuisukuma sindano ya valvu na kuachia upepo, na kifuniko hicho kidogo ndicho kinachozuia.

SWALI: Nina hofu

Mhariri, naandika kutoka Toronto. Mume wangu ameanza kuunda gari la namna hii na wenzake, na wanazungumzia injini usiku kucha. Mimi naona tu gari lisilo na paa. Niwaulize nini ili nijue kama wana akili timamu?

JIBU: Mama, hofu yako ni ya haki na ingefaa iwe na kiti katika karakana ile. Waulize kwanza wakuonyeshe kizimba cha mabomba ya chuma, nao wakueleze unene wa bomba na jinsi kila kiungo kilivyochomelewa. Kaa kwenye kiti ukiwa umevaa helmeti uone kama kichwa chako kinabaki chini na ndani ya mabomba. Uliza kuhusu mikanda yenye ncha tano au zaidi, kifaa cha kuzuia shingo isirushwe mbele, na kamba fupi zinazofunga mikono ili isitoke nje gari likibingirika, ambazo katika gari la wazi zina maana ya pekee. Kisha uulize juu ya mfumo wa kuzimia moto unaofyatuliwa na dereva mwenyewe, swichi ya kuzima umeme, vali ya kufunga mafuta, ngao ya chuma inayozunguka flaiwili na klachi, na pete ya chuma inayoizuia propela shafti isipige ardhi ikikatika. Mavazi ya kuzuia moto, glavu na viatu vyote hukaguliwa kwa lebo na tarehe.

Mwombe mumeo ajifunge mikanda yote, afumbe macho, kisha azime injini, afunge mafuta, ajifungue na kutoka bila msaada wa mtu. Wakaguzi watamwomba aonyeshe kwamba anaweza kutoka haraka, na ni afadhali ajue nyumbani kuwa tumbo linakwama kwenye usukani. Faraja nyingine ni kwamba mchezo huu haumruhusu mgeni kukanyaga mpaka mwisho siku ya kwanza: leseni hutolewa ngazi kwa ngazi, na dereva hupanda ngazi baada ya kuonyesha mbio salama katika ngazi ya chini. Akikuambia kwamba baadhi ya vitu hivi vitafungwa mwakani, basi na mbio zake zisubiri mwakani.

SWALI: Uingereza je?

Tunaishi Birmingham. Je, lazima twende Marekani?

JIBU: La. Kusini mwa Wales kuna ufuo wa Pendine, ambako Malcolm Campbell aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 235 kwa saa mwaka 1924, na ambako J. G. Parry-Thomas alifariki mwaka 1927 akijaribu kuirudisha rekodi aliyokuwa amenyang'anywa na Campbell. Siku hizi chama cha Vintage Hot Rod Association huandaa hapo mbio za magari yenye mtindo wa kabla ya mwaka 1949, na rodsta ya Model A imo ndani ya kusudi lao hasa. Mchanga wenye unyevu una tabia yake, na ratiba nzima hufuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo andaeni gari liwe tayari kabla ya kufika.

SWALI: Kwa nini tusikimbie Magadi?

Mhariri, sisi wa Nairobi tuna ziwa Magadi jeupe kabisa karibu na nyumbani. Kwa nini hakuna anayelitumia?

JIBU: Weupe ule si chumvi ya aina moja na ya Bonneville. Bonneville ni sakafu ya chumvi ya kawaida iliyobaki baada ya ziwa kubwa la kale kukauka. Maji ya majira ya baridi huifunika, na yakikauka wakati wa kiangazi huiacha imesawazika. Magadi ni magadi kweli: tabaka la soda lenye maji mazito chini na chemchemi za moto kandokando, nalo linachimbwa. Sehemu moja inaweza kubeba lori na ya jirani ikamzamisha mtu, na soda hiyo huunguza ngozi na macho. Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, lenye sakafu ya ziwa lililokauka, linafanana zaidi na viwanja vya mbio hizi, ingawa nalo hufurika mvua zikinyesha.

Mfano wa Afrika upo Hakskeen Pan, katika Rasi ya Kaskazini ya Afrika Kusini, ambako zaidi ya wakazi 300 wa eneo hilo waliokota kwa mikono maelfu ya tani za mawe ili kuliandalia njia gari la Bloodhound la Uingereza, lenye injini ya ndege, lililofikia kilomita 1,010 kwa saa mwaka 2019. Kazi ya watu wale inastahili kutajwa kila gari hilo linapotajwa. Inaonyesha pia kwamba uwanja hautokani na uwazi wa ardhi pekee: unahitaji kupimwa, kusafishwa, kuwekwa magari ya wagonjwa na ya zimamoto, na kupata idhini ya wenye ardhi. Hata Bonneville, Speed Week ilifutwa mwaka 2014 na 2015 kwa sababu chumvi haikuwa katika hali ya kukimbiliwa.

SWALI: Chumvi inakula gari?

Tunarudi na gari kutoka Bonneville likiwa jeupe chini. Tulioshe lini?

JIBU: Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Chumvi yenye unyevu hujipakia ndani ya mihimili ya chasi, kwenye ngoma za breki na katika viungo vya umeme, na kufikia asubuhi kutu imeshaanza. Pigeni maji mengi kutoka chini, ndani ya kila tundu, kisha mkifika nyumbani fungueni magurudumu, osheni beringi na kuzipaka grisi mpya, mbadilishe oili ya injini na ya difu, na mpulize oili nyepesi ndani ya mihimili. Bolti za kizimba na za mikanda zifunguliwe moja moja na kutazamwa chini ya vichwa vyake, kwa sababu kutu ya huko haionekani mpaka bolti imetolewa.